Kuku wa Lusangi

Feza, mwenza wangu,

Salamu yangu ya leo uliipata asubuhi uliponiletea maji ya kunawa, kwa hiyo sikusalimu mara mbili. Umekwenda kuaga watu wa upande wa soko, na ninajua utachelewa, maana kila nyumba itataka ukae, na ukikaa watataka ule. Nimemwita shangazi yako Mwajuma aje na kalamu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno. Ameapa. Lakini ninamwona anaandika mengi kuliko ninayosema, kwa hiyo ukikuta mahali nimekuwa na adabu sana, ujue hapo ni yeye.

Mambo ya njia siyagusi. Sweta ya kuvaa kwenye pikipiki, maji ya kuchemsha, pa kulala kabla ya kufika Kindu, watu wa kukwepa: umeyasikia wiki nzima kwa kila mwenye mdomo katika parsele hii, ua mzima. Mimi nina neno moja tu, na nimelikalia miaka miwili. Ukiondoka kesho bila kulijua, utaondoka unamchukia babu yako kwa kosa ambalo hakulifanya. Kosa ni langu. Nitalieleza polepole, kwa sababu nikianzia mwisho utaichana barua kabla hujaielewa.

Asubuhi niliona umefunga mzigo. Kile kibati cha biskuti chenye vigari vya kuchezea, vyako na vya babu yako, umekiacha chini ya kitanda. Nikakuuliza kama umekisahau. Ukanijibu bila kugeuka: "Koko, ile ni vitu vya mutu mwenye kuuza ahadi yake. Nitafanya nayo nini?" Ukasema tena kwamba mekanike unakwenda kuisoma Kindu kwa sababu pikipiki za Salamabila zinaharibika kila siku na fundi hakosi kazi, babu hahusiki. Nikaenda jikoni nikajifanya ninapuliza moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri.

Sasa tuanze na hili neno mwenza. Ni mchezo wa nyumba zote za hapa Kasongo, umekua ndani yake: mjukuu wa kike ni bibi, yaani mke, wa babu yake, kwa hiyo ni mke mwenza wa koko yake, mama wa baba yake. Babu anarudi, mtoto anakimbia na kiti, koko anapiga kelele kwamba amenyang'anywa mume, watu wanacheka, bukari inaliwa. Baba yako alipokuleta ulikuwa na miaka mitano. Mama yako alikuwa amekwisha kuolewa tena huko Kabambare, na baba yako alikuwa na haraka ya kwenda kuchimba dhahabu Salamabila. Nilikupokea mlangoni nikasema, haya, mwenza amefika, sasa nani kati yetu atateka maji? Ulicheka mpaka ukakaa chini na kimzigo chako.

Ulikuwa mchezo, Feza. Sijui ni siku gani kwangu uliacha kuwa mchezo. Wewe uliendelea kucheza, babu yako aliendelea kucheza, mimi peke yangu nilikuwa nimetoka, na hakuna aliyejua, kwa sababu maneno yalibaki yale yale.

Usifikiri nilikuwa mgeni wa wivu. Mwenza wa kweli nilikuwa naye, Mama Sakina wa Wamaza, ambaye wewe umemsikia kwa jina tu. Babu yako Ramazani alikuwa shoferi wa muzungu mmoja aliyekuwa akinunua mpunga, na wakati ule magari yalikuwa yanafika kila mahali, Kabambare, Wamaza, mpaka huko ndani. Shoferi wa mpunga analala njiani, na njiani kuna wanawake. Niliposikia ameoa Wamaza, sikula siku tatu. Siku ya nne nilipanda kwenye gunia, juu ya lori lake mwenyewe, nikaenda kumwona huyo mtu. Nilikuwa nimetayarisha matusi ya njia nzima. Nikamkuta ana homa, watoto wa ndugu zake wanalia njaa, sufuria tupu. Nikatukana huku ninapika. Tukaishi hivyo, yeye kule, mimi huku, tukitumiana chumvi na maneno makali, miaka ishirini. Alipokufa nililia kuliko mume wetu. Mwanamke mzima unaweza kufunua sufuria yake ukajua anapika nini. Yule nilimweza. Wewe na magoti yako yenye vumbi sikukuweza.

Ulikuja babu yako akiwa shoferi asiye na gari. Barabara zilikuwa zimekufa. Lori likitoka huku linalala kwenye tope wiki mbili, watu wanapita pembeni na pikipiki na kinga zao, baiskeli za mizigo, hata hawaliangalii. Mtu aliyekuwa anajua moteri kwa sauti, anasikia kifaa kilicholegea kama mimi ninavyosikia mtoto mwenye kikohozi, alikuwa anakaa hapo mlangoni kutoka asubuhi mpaka jioni anatengeneza kiti kimoja hicho hicho. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpigia hadithi. Hakuamka. Halafu siku moja mama anayeuza nguo za balo, zilizokwisha kuvaliwa, pale sokoni alifungua mzigo akakuta umechanganyika na vitu vya kuchezea vya watoto wa Ulaya. Babu yako akaokota humo kigari kimoja, kikiwa kizito mkononi, chuma kweli, siyo plastiki. Akakigeuza tumbo juu akakupa usome.

Nilikuwepo. Nilikuwa ninapepeta mchele. Ulikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza unajua tarakimu. Ukasoma: moja, halafu mstari, halafu arubaini na tatu. Babu yako akaanza kukueleza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. Kwa kelele za ungo wangu sikusikia maelezo, nilisikia hesabu tu. Mimi nikajua vimetengenezwa arubaini na tatu, na hiki ni cha kwanza.

Basi nikaanza kuhesabu. Vilipofika vinne nilijua vimebaki thelathini na tisa vya kunijazia nyumba. Vilipofika tisa nilimwambia babu yako kwamba vikitimia vyote mimi nitahamia kwa kaka yangu Lusangi. Akauliza vikitimia nini. Nikamwambia unajua mwenyewe. Maskini, akakuangalia wewe, na wewe ukaangalia juu. Ni shangazi yako aliyenieleza baadaye sana, babu yako akiwa ameshazikwa: ukivipanga arubaini na tatu, kimoja nyuma ya kingine, unapata urefu wa gari lenyewe la kweli. Nilicheka peke yangu siku ile, kicheko kibaya.

Na havikuwa vigari vya kuokota tu. Vyenye kung'aa, vyenye karatasi za rangi zilizobandikwa, alivigawa kwa watoto wa jirani. Alikuwa anatafuta magari yaliyotangulia, ndivyo alivyosema, yaliyoleta kitu ambacho hakikuwepo. Kila kilichotoka sokoni alikiweka kwenye mkeka na kukuuliza, "Hii ilileta nini?" Na wewe ulikuwa unajibu. Hii moteri yake iko nyuma na inapozwa na upepo, haitaki maji. Hii inavutwa na miguu ya mbele wakati zingine zote zinasukumwa kutoka nyuma. Hii ndogo, moteri wameilaza ubavu, watu wanne wakapata nafasi mahali pa kitanda kimoja. Mwanzoni alikufundisha, mwishoni wewe ulikuwa unamkosoa. Akikosea ulikuwa unamwita muzee, na anafurahi.

Mimi nilipita na maji, nilipita na kuni, nilipita na majani ya sombe. Mlikuwa mnanyamaza nikikaribia. Sasa ninajua mlinyamaza mkivuta vigari pembeni ili nipite, mkeka ulikuwa umeziba mlango. Wakati ule niliona mnanificha. Na lile swali lilikuwa linanikata. Nilikaa katika nyumba ile na mtu yule tangu nikiwa msichana, nikazaa watoto saba, nikazika watatu, na hakuna siku mtu alinigeuza mwangani akauliza mimi nilileta nini.

Sasa ninafika kwenye lile lenyewe.

Babu yako alitafuta gari moja miaka mitano. Aliwaagiza mpaka wafanyabiashara wa Salamabila wanaokwenda Uvira na Bujumbura, aliwachorea kwa mkaa kwenye karatasi ya saruji, na wao walimwona mzee aliyerudia utoto. Mmoja akaleta. Mwili wa kijivu, kichwa cheusi, pua ndefu iliyolala chini. Babu yako alikishika kwa mikono miwili akatokwa na machozi, na wewe ukamshika bega. Mimi nilikuwa ninachagua maharagi hatua tatu kutoka pale.

Akakuambia kwamba gari hilo alikuwa akiliendesha, lilikuwa la yule muzungu wa mpunga. Kwamba halina springi, chuma cha kuruka, kama magari mengine, lilikuwa limekaa juu ya mafuta na hewa. Ukizima moteri linashuka polepole mpaka tumbo linakaribia chini. Ukiwasha linainuka, matako kwanza, kichwa baadaye. Ukifika kwenye tope unavuta fimbo moja ndogo na linasimama juu ya vidole vyake linapita. Na taa zake zinageuka pamoja na volani, usukani wake, linaangalia kona kabla ya kuingia. Alikuambia rangi ya mafuta. Alikuambia harufu yake.

Mimi nilikuwa ninasubiri. Kwa sababu gari lile ninalijua.

Nilikuwa Lusangi kwetu, na miaka kumi na sita, tunaanika mpunga kando ya balabala. Likaja gari hilo na muzungu nyuma na kijana mweusi mwembamba mbele. Likasimama. Muzungu akaenda kuona magunia, kijana akazima moteri, na gari likaanza kushuka. Wanawake wakatupa nyungo wakakimbia, wengine wakasema linakufa. Mimi sikukimbia. Yule kijana akaniona sikukimbia, akataka kujionyesha, akawasha tena. Likainuka nyuma, likatulia kidogo, likainuka mbele. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba linaamka kama kuku aliyetaga. Yule kijana alicheka mpaka akatoka nje ya gari. Mara ya pili alikuja bila muzungu. Akanikalisha mbele, akanipeleka mpaka mtoni na kunirudisha, na mama yangu alinisubiri mlangoni na mwiko. Ndivyo nilivyoolewa. Katika ukoo huu mzima hakuna mwingine aliyekaa ndani ya gari lile.

Kwa hiyo nilisubiri aseme. Alieleza mafuta, hewa, fimbo, taa, mpaka jua likaanza kushuka. Mimi hakunitaja. Mwishoni akainama akakunong'oneza. Ukageuza kichwa ukaniangalia, mkapasuka kicheko wote wawili. Toka siku ile mkakiita Kuku wa Lusangi.

Unajua mimi nilisikia nini? Nilisikia kuku mzee wa kutoka Lusangi, anayejua kuchakura tu, asiyejua kusoma kilichoandikwa chini ya gari. Kila mlipotaja jina hilo nilibana meno. Ningeweza kuuliza. Lilikuwa neno moja la kuuliza: mnacheka nini? Sikuuliza, kwa sababu asiyesoma anaogopa sana kuuliza mbele ya wanaosoma.

Halafu babu yako akaugua kifua, na kiangazi kile hakukimaliza. Jioni moja, wewe umekwenda kutafuta dawa, alinishika mkono akasema: "Kuku wa Lusangi umupe mwenza wako. Nilimuahidi." Hakusema umupe Feza. Alisema mwenza wako. Mtu ana pumzi za kuhesabu na bado anacheza mchezo wetu. Nikaitika kwa kichwa. Yeye alikuwa anacheza, mimi sikuwa ninacheza.

Siku ya tatu baada ya maziko, wageni wakiwa bado wamelala kwenye mikeka, nilikitoa kigari kwenye kibati nikakifunga katika pembe ya kitambaa changu. Nikaenda nyuma ya soko kwa fundi Kalume, yule anayeyeyusha sufuria za zamani na vipande vya moteri na kumwaga sufuria mpya kwenye mchanga. Nikamwambia aniyeyushie hiki.

Kalume alikigeuza, akakigonga na ukucha, akasikiliza. Akasema: "Mama, hii haikugongwa. Ilimwagwa, sawa na kazi yangu, lakini aliyeimwaga alinipita mukono." Akauliza ni cha mtoto wa nani. Nikasema ni changu. Akajaribu kunirudisha nyumbani, Mungu amlipe. Akasema kuna watu wangekipenda kilivyo. Akasema metali yake inayeyuka mbio, hataichanganya na sufuria zake, itamharibia. Mimi nilisimama pale kama mti. Mwishowe akazibandua pine zake, matairi yale madogo, na koleo, akatoa vioo, akakiweka peke yake ndani ya mkebe juu ya makaa.

Rangi ilifanya mapovu kwanza. Halafu kikaanza kushuka, tumbo linakaribia chini, kama kilivyozoea. Safari hii hakikuinuka.

Kalume akauliza nataka atoe nini humo. Sikuwa nimefikiri. Nikasema chochote chenye kazi. Akashindilia mchanga, akamwaga.

Nadhani umekwisha kujua. Ni kishikio cha kifuniko cha sufuria ya maharagi. Kile cha kijivu, kinachoshika moto mbio kuliko vingine, kilichokuunguza Ramadhani iliyopita ukakitukana mbele yangu. Miaka miwili umekiinua kila siku kwa kitambaa, na kila siku nimekuangalia unakiinua.

Shangazi yako ameacha kuandika. Amekwenda jikoni, ninasikia anafunua na kufunika. Amerudi. Hataki kuniangalia. Nimemwambia aandike tu, hasira ataikuta baadaye hapa hapa.

Pine zake nne hazikuyeyushwa. Kalume alinirudishia mkononi, ndogo kama mbegu za papai, nikazificha katika hirizi ya mlango. Leo nitazikunja ndani ya karatasi hii. Ni zako.

Siku ya saba ulikuja kuniuliza Kuku wa Lusangi kiko wapi. Uongo nilikuwa nimeuandaa vizuri. Nikakuambia kwamba babu yako alikiuza kwa mnunuzi wa dhahabu kutoka Salamabila, wiki ile ulipokuwa kwenye mitihani, apate dawa. Nilitegemea utalia kama mtoto aliyenyimwa kitu cha kuchezea, na mimi nitakubembeleza, na tutakuwa sisi wawili.

Hukulia mara moja. Uliniangalia ukasema: "Koko, aliuza wewe?"

Nikasema namna gani. Ukaniambia kwamba gari lile lilikuwa mimi. Kwamba siku kile kigari kilipofika alikunong'oneza kuwa barabara nzima watu walikimbia, na msichana mmoja wa Lusangi alisimama akasema linaamka kama kuku aliyetaga, na tangu siku ile yeye hakuwahi kusikia mtu akilieleza vizuri kuliko hapo, hata muzungu mwenye vitabu vyake. Jina alilitoa kwenye mdomo wangu. Na alikuwa amekuahidi kigari hicho ili yeye akiondoka wewe unilinde mimi.

Nikakuuliza, sasa siku ile mlicheka nini? Ukasema mlicheka juu ya mama yangu na mwiko wake, na mimi ninakimbia kuzunguka nyumba huku ninanuka mafuta ya gari.

Halafu ndipo ulipolia. Uliniambia mutu anayeuza bibi wake apate dawa siyo mutu. Ukaenda kufunga kile kibati, na toka siku ile hukukifungua. Arobaini yake hukuja, ulisema kichwa kinakuuma. Kaburi lake hujalikanyaga. Jina lake hulitaji, unasema "yule".

Utauliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nilikuwa na neno mdomoni. Kalume alikuwa pale pale sokoni, angekuja kushuhudia. Nitakuambia ukweli ambao hata Mungu nimemwambia kwa mafumbo: nilifurahi. Ndani ya aibu ile nilifurahi. Nilijua sasa kwamba alikuwa wangu tangu mwanzo mpaka mwisho, na wewe ulikuwa umemwacha. Mama Sakina amekufa, watoto wangu wanamtaja baba yao siku za sikukuu tu, na wewe humtaki. Nilibaki naye peke yangu. Nikajiambia, mwache aende zake, mwenza ameondoka mwenyewe.

Lakini sikukaa vizuri na ushindi ule. Nilikuwa ninakaa mlangoni jioni nimkumbuke, na kila nilichokumbuka wewe umo. Ninamkumbuka anacheka, ni wewe umemchekesha. Ninamkumbuka ameinama, amekuinamia wewe. Yule mzee aliyekuwa anakaa kimya na kiti chake kibovu ndiye tu niliyebaki naye bila wewe, na huyo hata mimi sikumpenda sana. Aliyeamka tena, ni wewe uliyemwamsha. Nilipokufukuza wewe nilimfukuza na yeye.

Huko Kindu watu watakuwepo wengi wanaojua usichokijua. Utakuwa msichana peke yako kati ya wavulana wenye mikono michafu, na mara nyingine utaona wawili wanacheka upande wa pili wa moteri wakikuangalia. Nenda uwaulize wanacheka nini. Pengine wanakucheka kweli, basi utajua, utatukana, utarudi kazini. Mimi nilichukua kicheko kimoja nikakizidisha mara arubaini na tatu, na nikaishi ndani yake kama nyumba.

Siombi msamaha leo. Ungenipa mbiombio kwa sababu unasafiri, na msamaha wa mtu mwenye mzigo kichwani siutaki. Kaa nao. Kama una tusi, nipe kesho asubuhi uso kwa uso, usilibebe mpaka Kindu. Mwajuma ataiweka barua hii juu ya mzigo wako utakaporudi. Isome kabla hujalala. Mimi nitakuwa macho, lakini ukitaka kuninyamazia, ninyamazie, nimestahili.

Unichukie mimi. Mimi niko hapa, nina mdomo, ninaweza kujitetea, ingawa sina la kusema. Yule hawezi. Yule hakuuza kitu. Alikuahidi, na ahadi alinikabidhi mimi mkononi, na mkono wangu ndio uliooza.

Kibati nimekitoa chini ya kitanda, nimekipangusa. Humo kuna vigari kumi na nane na nafasi ya kimoja. Kichukue au kiache, sitakuuliza tena.

Kuna jambo moja ninalokuomba, na nimekwisha kuongea na kijana wa pikipiki. Mkitoka hapa mtapita njia ya makaburi. Atasimama. Mimi sitakuja nyuma yenu, nitabaki huku kwenye parsele, na nimemkataza Mwajuma asiniletee habari. Kaa na babu yako utakavyo. Mwambie yote, hata lile la sufuria. Mtakayosema huko ni yenu wawili, kama zamani, na mimi nitakuwa huku nimekaa ninajiuliza mnasema nini, na wivu utanila, Feza, nimezeeka nao, hautoki leo.

Wewe shuka tu.

Koko yako, mwenza wako